Dini ya Bondeni

Wanaosema majini hawapandi ghorofani hawajawahi kufanya kazi katika ofisi ile iliyokuwa juu ya duka la samani, ambako watu wanne walikuwa wakitengeneza gemu la kompyuta. Kaa vizuri nikusimulie. Si hadithi ndefu, ila si ya kusikilizwa na mtu aliyesimama mlangoni.

Ilianza na jambo dogo tu. Dini moja ilikataa kufa.

Gemu lenyewe lilikuwa la enzi za wafalme. Mchezaji anapewa ramani kubwa na kiti cha enzi kinachoyumba. Anawaoza binti zake kwa majirani, anawatilia sumu ndugu zake, anajenga ngome, na akichoka na hayo anapigana. Mwanamke aliyekuwa akizitunga kanuni za gemu hilo wenzake walimwita Hakimu, maana ndiye aliyeamua nani ashinde, nani ashindwe, na kwa sababu gani. Alikuwa mwembamba, mwenye utani mkavu, na chai yake aliinywa baridi kwa sababu kila siku aliisahau mezani.

Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa vita vya dini, na aliipenda. Kila dini kwenye ramani aliipa kipimo alichokiita ari. Ari ilipanda waumini walipoteka mahali patakatifu, ikashuka makuhani walipofumaniwa kwenye mambo ya aibu. Mfalme ambaye ari ya dini yake imejaa aliweza kumtangazia jirani vita vitakatifu hata kama jirani huyo hajamkosea kitu. Nchi ikishatekwa, watu wake walibakiwa na njia tatu: kuibadili dini, kukimbia, au kufa. Vita vya kawaida wafalme waliweza kukaa kitako wakavimaliza. Hivi havikuwa na suluhu. Kitufe cha kuomba amani hakukiweka kabisa.

"Mbona mkatili hivyo?" alimuuliza Mchoraji, msichana aliyechora ngome na nyuso za wafalme.

"Mkatili nani? Watu wakigombania shamba wanaweza kugawana," Hakimu alijibu bila kuinua macho. "Wakigombania Mungu watagawana nini?"

Ili kuzijaribu kanuni zake alihitaji dini dhaifu, dini ya kupigwa. Akaiweka kwenye bonde dogo pembeni kabisa mwa ramani, ikawa na wachungaji wachache wa kondoo, bila ngome na bila mfalme wa maana. Ikabaki kumpa mungu wao jina. Hakimu alifumba macho akaacha vidole viangukie herufi popote vitakapo. Alipofumbua, jina lilikuwepo. Halitaandikwa hapa. Itoshe kusema lilikuwa fupi, lilitamkika vizuri, na halikuonekana kama kitu kilichoandikwa kwa kubahatisha.

Aliyekuwa akishughulika na sauti za gemu aliitwa Masikio. Siku hiyo alitaka kelele za majeshi yakimwita mungu wao kabla ya kushambulia. Akawakusanya wote kwenye chumba chake kidogo kilichojaa sponji ukutani. Akamkokota na dada yake Hakimu, mshonaji, aliyekuwa juu ya ngazi akitundika pazia nene alilowashonea kuzuia kelele za barabarani.

"Mimi nimekuja kutundika pazia, jamani," dada alisema huku akicheka, sindano bado zimechomekwa kifuani.

"Sauti yako nzito, dada, tunaihitaji. Haya, kwa nguvu zote!"

Wakaliita jina lile. Wakaliita tena na tena, wakicheka, wakirukaruka, Bosi, mwenye ofisi, akipiga kelele mpaka akakohoa na machozi kumtoka. Masikio akazichukua sauti zile tano, akazirudufu zikawa sauti za maelfu.

Jioni ile Hakimu aliiacha kompyuta ijichezee yenyewe, wafalme wote wakiendeshwa na mashine, karne juu ya karne, ili aone kanuni zinavyofanya kazi. Dini ya bondeni ilitakiwa ife mwanzoni kabisa. Asubuhi alipofungua skrini alikuta nusu ya ramani ina rangi yake.

"Umeipendelea," Mchoraji alisema akichungulia begani kwake.

"Sijaipendelea. Tazama, hawana hata wapanda farasi."

Akatafuta kosa lililokuwa limejificha, hakuliona. Akaishusha ari ya dini ile mpaka mwisho. Kipimo kikateremka, kikakaa chini kidogo, kisha mbele ya macho yake kikapanda chenyewe mpaka kikajaa. Hakimu akacheka kicheko kifupi, cha mtu aliyeona mende kwenye sahani ya mgeni, akaenda kutengeneza chai nyingine.

Harufu ndiyo iliyofuata. Ilikuwa ya manyoya ya kondoo yaliyolowa na majivu yaliyopoa, na ilikaa kwenye chumba cha sauti tu. Bosi akalaumu sponji. Akafungua madirisha, akapuliza manukato ya chooni, kwa muda chumba kikanuka kondoo aliyetoka saluni. Wakacheka. Kesho yake hawakucheka, kwa sababu harufu ilikuwa imeshafika kwenye meza ya Mchoraji.

Siku moja saa za mchana Masikio akamwita Hakimu kwa kidole. Akamvalisha hedifoni.

"Sikiliza sisi. Halafu sikiliza chini yetu."

Hakimu akasikiliza. Lile jina likaitwa kwa kishindo, akazitambua sauti zao, ya dada yake nzito kuliko zote. Na chini ya kishindo, polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, sauti moja ikaitika.

"Naam."

"Nani huyo?" Hakimu alinong'ona.

"Ndilo nililokuitia. Nimemfuta. Nimefuta faili zima, nimerekodi upya ngoma tupu, hata jina sijaliweka. Bado yumo." Masikio alikuwa mtu wa mizaha, lakini midomo yake ilikuwa mikavu. "Na si kwenye hedifoni tu. Jana nilikuwa nimezitundika pale. Nikamsikia."

"Ulikuwa umemwita?"

Masikio akamvua hedifoni, akazitundika tena pale pale.

Hakimu alirudi mezani kwake akaifuta dini ya bondeni. Akafuta jina, bonde, wachungaji, bendera, kila kitu, akahakikisha mara mbili kwamba hakuna mahali lilipobaki, kisha akaanzisha gemu upya. Ramani ikafunguka safi. Akashusha pumzi. Ndipo alipoiona nchi mpya pale pembeni palipokuwa na bonde, nchi ambayo hakuna aliyeichora, yenye mipaka iliyonyooka kama kuta. Na alipoisogelea akaona majina ya majimbo yake, na majina hayo yalikuwa Chumba cha Sauti, Meza ya Mchoraji, Jikoni, Meza ya Hakimu. Juu yake likatokea tangazo lile aliloliandika yeye mwenyewe, kwa maneno yale yale aliyoyachagua: Nchi hii imetangaziwa vita vitakatifu.

Alimwita Mchoraji. Mchoraji aliapa hakuichora. Wakati bado wanabishana kwa sauti za chini, jimbo la Chumba cha Sauti likabadilika rangi.

Walimkuta Masikio ameketi sakafuni akitazama kona, miguu imekunjwa vizuri, hedifoni zimewekwa pembeni kama viatu vya mtu aliyeingia mahali pa ibada. Uso wake ulikuwa umetulia mno. Watu waliozoea kumwona akitikisa goti mchana kutwa ndio wangeelewa jinsi utulivu ule ulivyotisha.

"Masikio," Hakimu alimwita.

"Ingieni tu," alisema bila kugeuka. "Ni mpole ukishamkubali."

Mchoraji hakungoja kuelezwa. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akashuka ngazi mbio, akaacha mkoba, koti na kalamu zake za kuchorea. Jioni alimpigia Hakimu simu kutoka kituo cha mabasi.

"Mimi ninakwenda kwa shangazi," alisema, na nyuma yake zilisikika honi. "Na wewe ondoka. Wewe ndiye uliyeandika njia zipo tatu. Mimi nimechukua yangu."

"Na Masikio je?"

"Masikio amechukua yake, dada. Usinifanye nilie mbele za watu."

Bosi ndiye aliyebaki kucheka. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, asiyeamini chochote ambacho hakikuwa na waya. "Jini gani anajua kompyuta?" aliuliza. "Basi aje anitengenezee printa." Akapanga Masikio aje aonwe na daktari, akamwambia Hakimu asitazame ramani tena, na siku iliyofuata asubuhi akaingia jikoni kutengeneza chai kwa ajili yao wote. Hakimu alimsikia akisema kwa sauti, akijichekesha mwenyewe pale ndani, "Sikiliza wewe uliye humu. Mimi sibadili dini kwa ajili ya gemu!"

Kisha birika likaanza kulia. Likalia, likalia, na hakuna aliyeliepua, na katikati ya ule mlio Hakimu alisikia kama watu wengi wasio na viatu wakiingia mahali padogo kwa pamoja, wakisogezana, wakikohoa kidogo kama wakohoavyo watu wanaongoja jambo lianze. Akanyanyuka, akatembea mpaka kwenye kizingiti cha jiko, akasukuma mlango uliokuwa mzito kana kwamba umeegemewa kwa ndani, na ulipoachia akamwona Bosi amekaa chini mgongo ukiwa kwenye kabati, mikono imekinga kichwa, macho wazi. Juu ya vigae palikuwa na nyayo za vumbi, nyayo nyingi mno kwa jiko lile, na zote vidole vilielekea kwake.

Daktari alisema moyo. Wakamzika mchana wa jua kali. Mjane wake alimshika Hakimu mikono akamshukuru kwa kuwa naye mpaka dakika ya mwisho, na Hakimu alikosa pa kuuweka uso wake.

Jioni alimweleza dada yake yote. Dada alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mingi. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, ndiye aliyemsomesha kwa cherehani yake. Walikaa pamoja katika nyumba ya vyumba viwili iliyojaa vitambaa. Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho, mguu umesimama juu ya pedali.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ningekwambia nini, dada? Kwamba nimeandika jini?"

"Ungeniambia hivyo hivyo. Umeshawahi kuniambia mambo ya kijinga kuliko hayo." Akakata uzi kwa meno. "Kuna mteja wangu mmoja, mganga. Si wa kupiga makelele. Kesho tunamchukua."

Mganga alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye kikohozi na viatu vya raba. Alipanda ngazi za ofisi akipumzika kila baada ya hatua chache, na alipofika juu alisimama mlangoni muda mrefu akinusa.

"Wanangu, humu mmechinja?"

"Hapana, mama," Hakimu alijibu.

"Basi wapo waliochinja."

Alifukiza ubani kwenye kigae cha mkaa, akazunguka chumba hadi chumba akisoma kwa sauti ya chini, na moshi ulipofika kwenye mlango wa chumba cha sauti ukasimama pale pale kama uliokutana na kioo. Masikio alikuwa bado kwenye kona yake. Mama yake mzazi alikuwa akimletea chakula kila siku akamlisha kwa mkono wake, kwa maana alipojaribu kumtoa, wanaume wa duka la samani hawakuweza kumnyanyua.

Mganga alikaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. "Wewe uliye ndani ya kijana huyu. Una jina?"

"Ninalo," alisema Masikio kwa sauti ile, sauti ya mtu anayefunga viatu. "Walinipa hawa."

"Nani waliokupa?"

Kidole cha Masikio kiliinuka chenyewe. Kikamwonyesha Hakimu. Kikaenda mbele kidogo, kikamwonyesha dada. "Huyu. Na huyu wa sindano. Na huyu niliyemo. Na wawili wasiokuwepo. Na waliotoka katika sauti zao, ambao hawana idadi, wanaoniita usiku na mchana bila kuchoka. Nilikuwa kwenye bonde bila mtu wa kunitaja. Wakanitaja."

"Umekosea njia. Waliokutaja walikuwa wanacheza."

"Mimi sikuwa ninacheza nilipoitika."

"Toka."

"Nitoke niende wapi? Nimepewa nchi."

Mganga alifuta jasho kwa kanga. "Kila mmoja wenu huwa na bei. Sema unachotaka ili upatane na watu hawa."

Hapo Masikio aligeuka kwa mara ya kwanza, akamtazama Hakimu, na macho yalikuwa ya Masikio kabisa, yamejaa machozi, huku mdomo ukitabasamu tabasamu lisilokuwa lake.

"Vita hivi havina suluhu," alisema. "Muulize aliyeviandika."

Hakimu alikimbilia mezani kwake. Aliwasha kompyuta, mikono ikimkimbia, akaandika kile alichokataa kukiandika siku zote: kitufe cha kuomba amani. Aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika, dada yake akiwa amemshika mabega, na chumba kizima kikinuka kondoo, na ukutani kitu kama maelfu ya watu wakivuta pumzi kwa pamoja na kuishikilia. Akakihifadhi, akalifungua gemu, akaiona nchi ya kuta zilizonyooka ikiwa imegeuka rangi yote isipokuwa jimbo moja, jimbo la meza ile ile aliyokuwa ameegemea, na kitufe chake kipya kikang'aa pale juu, akakibofya.

Hakikubofyeka.

"Kanuni mpya haigusi vita vilivyokwisha kuanza," ilisema sauti kutoka chumba cha pili, taratibu, kama mwalimu anayemkumbusha mwanafunzi. "Hiyo nayo uliiandika wewe, Hakimu. Ni kanuni nzuri. Inazuia udanganyifu."

Rangi ikaingia kwenye jimbo la mwisho. Na mpaka ukasogea. Nchi ilitanuka polepole ikatoka nje ya ofisi, ikapita njia wanayopita wao kila siku, na kwenye ukingo wake likaandikwa jimbo jipya: Nyumba ya Mshonaji.

Mganga alikuwa ameshafungasha kigae chake. Pale ngazini, chini, kwenye mwanga wa barabara, aliwashika wote wawili mikono.

"Nimetoa majini wengi," alisema. "Wote walikuwa wageni, na mgeni ukimkazia macho huondoka. Huyu si mgeni. Ana watu, ana ardhi, ana sheria inayomlinda. Mimi simuwezi, na atakayewaambia anamuweza anataka kuwala tu. Mmoja wenu amekwisha kukimbia akasalimika?"

"Ndiyo, mama."

"Kimbieni. Leo. Na jina lile msilitaje hata kwa kunong'ona, hata kwa kumlaani."

Wakakubaliana kwenda kwa mjomba wao, mbali, mji ambao haukuwemo kwenye ramani yoyote ya Hakimu. Dada alikwenda nyumbani kufunga mizigo. Hakimu akaenda kituoni kutafuta nafasi kwenye basi la jioni. Foleni ilikuwa ndefu. Alipopata tiketi, alikimbia njia nzima, na kabla hajafika alisikia cherehani.

Ilikuwa inakimbia bila kupumzika, mshono mmoja mrefu usio na kona. Akafungua mlango. Mifuko ilikuwa katikati ya chumba, mmoja umeshafungwa, wa pili uko wazi, viatu vya dada vimewekwa juu tayari. Dada alikuwa kwenye cherehani akishona kitambaa cheupe ambacho hakikuwa na mwanzo wala mwisho. Kilikuwa kimemwagika magotini, kikajaa sakafu, kikapanda kwenye kochi. Ncha ya kidole chake ilikuwa imeshonwa na kushonwa tena, na kitambaa kilikuwa na doa jekundu kila baada ya urefu wa mkono. Hakuonyesha kuumia.

"Dada. Basi linaondoka."

"Kaa, mdogo wangu. Umekimbia sana, unahema."

"Dada, tafadhali. Simama. Nipe mkono."

"Kaa. Hakuna anayekufukuza tena."

Hakimu alimshika chini ya mabega akamvuta kwa nguvu zake zote, akamvuta huku analia, huku anamwita kwa majina ya utotoni, na dada yake, mwanamke mwembamba aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka madimbwi, alikuwa mzito kama kisima. Nje basi lilipiga honi kwa mbali. Njia ya kukimbia ilikuwa bado wazi. Alikuwa na tiketi mkononi, miguu mizima na mlango ulio wazi.

Alifunga mlango kwa ndani. Akakaa sakafuni, akakichukua kile kidole, akaanza kuutoa uzi.

Hivyo ndivyo Hakimu alivyobaki. Akajiambia atajifanya ameamini. Kila jua linapotua walikuja kwenye sebule ile, Masikio ambaye sasa aliweza kutembea, mama yake Masikio, mwanamke wa kaunta wa duka la samani, jirani wa juu na wanawe. Walikaa chini wakielekea kona, wakaliita jina. Hakimu alikaa kati yao akiwa amemshika dada yake mkono, akichezesha midomo bila kutoa sauti. Moyoni aliomba kama mama yake alivyomfundisha kabla hajajua kuvaa viatu. Mchana alimwogesha dada, akamsuka, akamlisha. Mchoraji alipiga simu mara chache, kisha akaacha.

Siku moja tu dada alirudi. Hakimu alikuwa anamkausha nywele kwa taulo, ghafla akahisi vidole vinambana kifundo cha mkono mpaka mfupa unauma. Dada alikuwa anamtazama, yeye hasa, na uso wake ulikuwa umejaa hasira na mapenzi.

"Kwa nini hukukimbia?" alinong'ona haraka. "Mjinga wewe. Mjinga wangu. Nilikuachia mlango wazi, nilijikaza mpaka nikakatika, nikakuachia mlango wazi."

"Nisingeweza, dada."

"Nenda sasa. Nenda kabla—"

Vidole vikalegea. Uso ukatulia.

Hakimu hakwenda. Wewe unaweza kumlaumu. Mimi siwezi.

Waliomwona baadaye walisema alikonda zaidi, lakini alisalimia watu vizuri. Siku ya mwisho ninayoifahamu alitoka mchana kwenda kununua dawa ya kidole cha dada yake, kilichokuwa hakiponi. Mawazo yalikuwa mbali. Alishuka barabarani bila kutazama, na lori la mchanga lilikuwa linateremka mlima wa barabara ile kwa kasi, honi imeshikiliwa, watu wanapiga mayowe pembeni. Aligeuka akaliona limemfikia. Akafungua mdomo kuomba, kama kila mtu angeomba.

Jina lililotoka halikuwa lile alilofundishwa na mama yake.

Lori lilisimama. Lilisimama kama limegota kwenye ukuta, mchanga ukaruka mbele ukamwagikia miguuni pake, na injini ikazimika. Kukawa kimya. Hakimu alisimama pale akalitafuta lile jina jingine, la utotoni, ili alitaje haraka, aombe radhi. Alilitafuta kila mahali. Alikumbuka sauti ya mama, alikumbuka mkeka waliokalia, alikumbuka midomo ya mama ikitikisika. Kwenye midomo hiyo hapakuwa na kitu.

Dereva akashuka, kijivu usoni.

"Breki zilikatika kule juu," alisema. "Nimekanyaga mpaka chini, hakuna kitu. Limesimama lenyewe. Dada, wewe ulimwita nani?"

Hakimu alifunga mdomo. Akaziba kwa mikono miwili, akatikisa kichwa, akarudi nyuma mpaka akagonga boneti ya moto. Lakini dereva alimfuata, akamshika viganja kwa upole, kwa heshima, akaviteremsha, na watu waliokuwa wakipiga mayowe wakasogea karibu wakawazunguka, kila mmoja akitaka kusikia.

"Tafadhali, dada. Nina watoto. Niambie."

Mdomo wake ukamwambia.

Dereva alilirudia taratibu, mara ya kwanza akikosea kidogo mwishoni, mara ya pili sawasawa.